Miezi minne na kalenda ya matembezi ya Kisumu: nilichopata kwa shilingi 200

Nimeishi Kisumu miaka 11, na Jumamosi yangu ilikuwa ileile: kuosha gari, kinyozi, kisha mpira kwenye runinga. Ziwa Victoria nililiona nikienda kula samaki tu. Kwa hiyo mwenzangu kazini aliponitumia kiungo cha kundi la WhatsApp linalouza "kalenda ya matembezi", nilicheka. Nilipe shilingi 200 kila mwezi ili nielekezwe Dunga, ufuo wa wavuvi ambao boda wote wa mtaani wanaujua?

Aliyenilipisha ni binti yangu wa gredi ya sita. Alikuwa na kazi ya shule kuhusu ndege wahamiaji, nami nilikuwa sina la kumwambia. Tukajiunga Agosti.

Mwisho wa kila mwezi vijana wanaoendesha kundi hilo hutuma ujumbe mmoja wenye tarehe tano au sita na sababu ya kila tarehe. Ukitaka kwenda mwenyewe, nenda. Ukitaka kwenda nao, unalipa nauli na mwongozaji kando. Mwanzoni sikuelewa ninanunua nini, maana sehemu zenyewe nilikuwa nazijua kwa majina. Nilielewa usiku wa kwanza.

Ujumbe ulisema: njooni Dunga mwezi ukiwa mchanga, saa mbili usiku. Wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huvua kwa taa. Omena hufuata mwanga, kisha huzungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wengi hawaingii majini. Tena uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili wazaane. Maana yake ukifika ufuoni Juni, au Agosti usiku wa mbalamwezi, utatazama maji meusi na kurudi nyumbani ukidhani hakuna kitu. Ndivyo nilivyodhani miaka yote.

Usiku ule taa zilikuwa zimetanda ziwani kutoka upande mmoja wa macho hadi mwingine. Binti yangu akauliza ule ng'ambo ni mji gani. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akamjibu, "Mjukuu wangu, mji huo kesho asubuhi hauko." Tulikaa hadi saa nne. (Wale wadudu wadogo wa ziwani nao hupenda siku hizohizo za mwezi mchanga, kesho yake mchana tuliona nguzo zao zikipanda juu ya maji kama moshi wa tairi. Funga mdomo.)

Tembezi la pili lilikuwa la mashua, alfajiri, kwenye kinamasi cha mafunjo palepale Dunga. Nahodha alizima injini akaanza kusukuma kwa upondo. Nilikuwa nikisimulia jambo la ofisini, mwongozaji akaniambia kwa upole, "Mzee, tunyamaze kidogo." Nikanyamaza. Ndipo nikasikia mlio kama wa filimbi, na jibu lake papo hapo, nikadhani ni ndege mmoja. Kumbe ni wawili, dume na jike, wanapokezana. Waongozaji humwita gonoleki wa mafunjo: kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Huishi kwenye mafunjo tu, kwa hiyo kinamasi kikichomwa kilimwe mboga, hana pa kuhamia. Nilitazama mafunjo yaliyokatwa kwa ajili ya mikeka na viti, nikakumbuka kiti cha sebuleni kwangu.

Hapo huduma hii ningeipa alama zote. Lakini kuna Kakamega.

Ujumbe ulitangaza macheo juu ya kilima cha Lirhanda, ndani ya msitu wa Kakamega, ukaeleza vizuri kwamba msitu ule mvua yake hupenda kunyesha mchana, hivyo asubuhi ndiyo saa yake. Tuondoke saa kumi na nusu alfajiri. Matatu ilifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, dereva akiwa bado anatafuta mafuta. Macheo tuliyolipia tuliyaona tukiwa bado njiani, Chavakali, kupitia dirishani, nyuma ya lori la miwa. Watu wanaouza saa wasichelewe! Isitoshe, ada ya kuingia msituni haikuwa ndani ya bei, na jambo hilo lilisemwa tukiwa getini, watu wazima wakihesabu salio la simu mbele ya watoto.

Msitu wenyewe ulituhurumia. Tuliona mbega wakiruka na mikia yao meupe, na turako mkubwa wa buluu, ndege wa karibu ukubwa wa jogoo, akikimbia juu ya tawi la mtini kama amechelewa mkutano. Kilimani kuna shimo la zamani la dhahabu, kumbukumbu ya wachimbaji waliofurika Kakamega miaka ya 1930. Sasa wenye nyumba ni popo. Mke wangu alibaki nje, akakataa katakata. Saa saba mvua ikatukuta njiani tukishuka.

Nililalamika, bila matusi. Baada ya siku tatu walirudisha shilingi 300 kwa kila mtu na kuomba radhi. Tangu hapo ada za getini huandikwa kwenye ujumbe. Ujumbe wa sauti wa dakika saba bado wanautuma, na hapo sina msaada.

Kitu kimoja kilinifanya niwaamini zaidi. Niliuliza kama wanaweza kutupeleka Nakuru kuona heroe, wale flamingo, wakiwa wamejaa kama kwenye picha za zamani. Wangeweza kuchukua pesa yangu. Walinijibu kwamba maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010, chumvi ikapungua na chakula cha heroe nacho kikapungua. Nikienda kwa ajili ya faru na twiga sitajuta, ila kwa heroe niulize kwanza habari za Ziwa Bogoria.

Kazi ya shule ilipata alama nzuri. Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ya ndege wahamiaji duniani, tulitembea nao kando ya ghuba tukahesabu mbayuwayu waliotoka Ulaya. Siku hizi binti yangu huwahesabu kwenye nyaya za stima karibu na duka la mtaani, na mwenye duka ameanza kumwekea daftari.

Nimelipia hadi Machi. Usiku wa mwisho wa giza kabla omena hawajafungwa nataka niwe ndani ya mashua, si ufuoni. Nahodha amekubali, ila amesema nije na koti zito, na nisile kitu saa moja kabla.