Darasa la jioni la Kiitaliano Arusha: juma zima la kitenzi "andare"

Darasa la jioni la Kiitaliano kwa waongoza watalii, ambalo nimelihudhuria hapa Arusha maeneo ya Kaloleni, lina jambo moja ninalolisifu kuliko yote: juma la kwanza limetengwa kwa kitenzi kimoja tu, andare, yaani kwenda. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba tunacheleweshwa, lakini kwa kazi yetu sioni kitenzi kinachostahili kutangulia hiki, kwa kuwa tangu mgeni anapopokelewa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi siku ya kuondoka, sehemu kubwa ya maelezo tunayompa ni ya kwenda.

Kitenzi chenyewe ni kigumu. Vado (nakwenda), vai (unakwenda), va (anakwenda) na vanno (wanakwenda) zina shina moja, ilhali andiamo (tunakwenda) na andate (mnakwenda) zina jingine, na wakati ujao huwa andrò (nitakwenda). Kabla ya kutupa jedwali la kukariri, mwalimu alituuliza kwa nini sisi humwamuru mtu kwa kusema "nenda" na "njoo", wakati kanuni ingetaka vinginevyo. Darasa likacheka, na hofu ikapungua. Kisha akachora ubaoni barabara ya kutoka Arusha kupitia Usa River, Boma Ng'ombe na Moshi hadi Marangu, kila mmoja wetu akaeleza kipande chake cha safari kwa sauti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mji hutanguliwa na a (andiamo a Moshi), nchi kwa kawaida hutanguliwa na in (vado in Tanzania), na anayemwendea mtu hutumia da (vado dal medico, nakwenda kwa daktari). Wapagazi waliokuwamo darasani waliipenda zaidi andiamo piano, ambayo mlimani inatosheleza kabisa nafasi ya "twende pole pole".

Wakati uliopita nao ulifundishwa kwa uangalifu. Kwa kuwa andare huandamana na kitenzi kisaidizi essere (kuwa), kusema "nilikwenda" mwanamume husema sono andato na mwanamke sono andata, tofauti ambayo vitenzi vya Kiswahili havina, na dada zetu walisahihishwa kwa upole kila walipoteleza. Nashukuru pia kwamba tulizoezwa vada, amri ya heshima, kwani wageni wetu wengi ni watu wazima na haipendezi kumwambia mzee usiyemjua vai, amri ya kirafiki.

Kasoro ninayoiona ni kwamba venire, yaani kuja, iligusiwa dakika za mwisho tu. Wageni wakiuliza iwapo utafuatana nao, jibu sahihi ni vengo con voi (nakuja nanyi), ingawa Kiswahili chetu kinatuvuta kusema "nitakwenda nanyi" na hivyo kuchagua vado. Kosa hilo nililisikia darasani hadi jioni ya mwisho. Ningeomba venire itengewe angalau jioni mbili, na kozi ianze mapema kiasi cha kumalizika kabla ya Juni, wageni wanapoanza kuongezeka.