Kifaa cha mazoezi ya kupumua kwa mwenye presha: kipi ununue, kipi uache

Ukiulizia dukani kifaa cha mazoezi ya kupumua, huenda ukapewa kile cha vipira vitatu vinavyopanda ukivuta pumzi. Kinamfaa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, anayetakiwa kukunjua mapafu. Kwa presha, acha hela yako mfukoni. Vipira havina mzigo wa maana, yaani havikubani vya kutosha unapovuta, na kwenye orodha yangu kinashika mkia.

Unachotafuta ni kifaa kinachokubana unapovuta pumzi, kisha kikakuacha uitoe bila taabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walilijaribu hili kwa watu 36 wa miaka 50 hadi 79, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Waliovuta pumzi 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mzigo mkubwa, namba yao ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 9 ndani ya wiki sita. Waliowekewa mzigo mwepesi hawakupata unafuu huo. Kumbe kazi yote iko kwenye uzito.

Kwa hiyo namba moja naipa kifaa cha springi. Springi hufunga vali, na hewa haipiti mpaka uvute kwa nguvu uliyoipanga mwenyewe kwa kuzungusha kirungu. Hakili betri, na kukiosha ni rahisi. Muulize muuzaji mzigo wake unafika sentimita ngapi za maji, kipimo cha nguvu ya kuvuta pumzi. Asipojua, soma boksi. Kifaa cha springi kiitwacho Threshold IMT, kwa mfano, huishia 41. Kule Colorado walipanda hadi asilimia 75 ya nguvu yote ya mtu ya kuvuta pumzi, kwa hiyo mwenye uwezo wa 80 atahitaji 60. Hapo 41 hazitoshi. Vifaa vya springi vya chapa ya POWERbreathe huenda juu zaidi.

Cha pili ni cha kielektroniki. Hupima nguvu zako na kupanga mzigo chenyewe, lakini bei yake inauma. Cha tatu ni cha matundu ya kubadilisha: ukivuta polepole mzigo unapotea, na utajidanganya bila kujua.

Kifaa kiitwacho RESPeRATE ni jambo jingine kabisa, hakina mzigo. Yenyewe hukuongoza kwa sauti upumue taratibu, chini ya mara 10 kwa dakika. Kupumua taratibu unaweza kufanya bure ukitazama saa ya ukutani.

Kama huna mashine ya kupimia presha, ya kufunga juu ya kiwiko, anza na hiyo. Bila vipimo utajuaje umeshuka? Vidonge endelea navyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Aliyewahi kuingiwa na hewa nje ya pafu, au mwenye ngoma ya sikio iliyopasuka, amwone daktari kabla ya kununua.

Na ukikuta cha mtumba, hata kama bei ni ya kutupa, kipite. Kimeshaingia kinywani mwa mtu.