Miezi sita na programu ya riwaya za uzi mwekundu: uzoefu wangu

Kwa miezi sita sasa nimekuwa nikilipia programu ya simu yenye riwaya za mapenzi kutoka China, Japani na Korea, na kilichonivuta ni hadithi za watu walioandikiwa kuoana kabla hawajajuana, wakiunganishwa na uzi mwekundu usioonekana. Nyingi nimezisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa za Kiswahili ni chache.

Kinachonifanya niendelee kulipia ni sehemu ya ngano za kale. Humo nilikikuta kisa cha China cha enzi ya kifalme ya Tang kilichoandikwa na Li Fuyan. Kijana Wei Gu, aliyehangaika kutafuta mchumba bila kufanikiwa, alimkuta mzee ameegemea mfuko akisoma kitabu kwa mwanga wa mbalamwezi. Mfukoni mlikuwa na nyuzi nyekundu za kuwafunga miguu wale watakaokuwa mume na mke, na zikishafungwa, hata koo zao ziwe na uadui, hakuna wa kukwepa. Wei Gu alioneshwa mkewe: mtoto wa miaka mitatu, amebebwa na mwanamke muuza mboga mwenye chongo. Kwa hasira akamtuma mtumishi akamuue. Baada ya miaka 14 aliozwa msichana mzuri kutoka nyumba ya gavana, ambaye daima alibandika ua katikati ya nyusi na hakulibandua hata alipooga. Mume alipombana amweleze sababu, alilia, kwani chini ya ua lile palikuwa na kovu la kisu alichochomwa sokoni utotoni.

Kovu hilo halijanitoka akilini. Riwaya nyingi mpya humo zimeuchukua uzi na kuliacha kovu: wawili wanakutana, uzi unang'aa, na tangu hapo mwandishi haoni haja ya kutuonesha wakikosana, wakiombana radhi au hata kujuana tabia. Cao Xueqin, katika riwaya yake kubwa ya karne ya 18, Ndoto ya Chumba Chekundu, hakufanya hivyo. Humo mama yake Baochai, mmoja wa wasichana wa riwaya hiyo, anawaeleza bintiye na mwenzake Daiyu kwamba hata wawili wakikua pamoja na wazazi wakaridhia, mzee yule asipowafunga uzi hawataoana. Na Daiyu anayeyasikiliza maneno hayo hatimaye anafariki bila kuolewa na Baoyu, kijana ampendaye. Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Lalamiko langu kubwa ni tafsiri ya mashine. Katika ngano za China uzi hufungwa mguuni, ilhali Japani hufungwa kwenye kidole kidogo cha mkono, lakini tafsiri za Kiswahili zimeweka kidole kila mahali, hata katika kisa cha Wei Gu. Nimewaandikia wenye programu mara mbili na bado hawajarekebisha. Pia sura za mwanzo tu ndizo za bure, na zinazofuata hufungwa pale hadithi inapokolea.

Hata hivyo nimelipia miezi mingine mitatu, na anayejiunga leo ningemshauri aanzie kwenye ngano, tena kwa Kiingereza kama anakimudu.