Kliniki ya Alhamisi ya mabinti wajawazito: huduma njema inayokomea langoni mwa shule

Kwa miezi saba nimekuwa nikimsindikiza binti wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka 16, kwenye kliniki ya mabinti wajawazito inayofanyika kila Alhamisi alasiri katika kituo kimoja cha afya cha serikali huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Ninawaandikia walezi ambao bado wanamficha binti ndani kwa kuogopa macho ya majirani.

Sifa ya kwanza ni siku yenyewe. Siku nyingine binti huketi benchi moja na wanawake wa rika la mama yake, ambao humtazama tumbo kisha uso, na akishatazamwa hivyo mara moja huwa vigumu kumrudisha. Alhamisi benchi ni la mabinti peke yao. Mkunga alipompokea wetu hakuanza na baba wa mtoto, aliuliza, "Mwanangu, umefika kidato cha ngapi?" Binti, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu nyumbani, akajibu kuwa ni cha pili. Swali la baba lilikuja baadaye, faraghani, pamoja na maelezo kwamba sheria ya Uganda humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Presha ilipimwa kila tulipokwenda, kwa kuwa katika umri huo hatari ya kifafa cha mimba, yaani degedege linaloambatana na presha kupanda, ni kubwa zaidi, na nyonga ambazo hazijakomaa huweza kuleta uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, na hata fistula, tundu linalomfanya mama avuje mkojo au choo. Vidonge vya kuongeza damu viliisha mara mbili, tukanunua dukani.

Upungufu unaoniuma ni mwingine. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi mjamzito aondoke shuleni mimba ikifikia miezi mitatu, kisha unamruhusu arudi mtoto akitimiza miezi sita. Mkunga alilijua hilo. Baada ya kujifungua salama, alihesabu kwa vidole na kuuandika mwezi huo nyuma ya kadi ya kliniki. Lakini kituo hakina mtu wa kuzungumza na shule, wala fomu ya kumkabidhi mwalimu mkuu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 24 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Wengi wao wakiishia nyumbani, hasara haibaki kwa familia moja: mtoto hulelewa na mama asiye na cheti wala kazi, na nchi hukosa wauguzi na walimu ambao wangetoka miongoni mwao.

Mkunga alituandikia barua kwa mkono wake. Shule imeikataa kwa kukosa muhuri, nasi tutarudi kituoni Alhamisi ijayo kuutafuta.