Carolina Reaper au pilipili mbuzi?

Kwa bustani ya Dodoma, mimi ningepanda pilipili mbuzi. Zote mbili ni jamii moja, Capsicum chinense, ila kwa ukali zimeachana mbali. Mbuzi huwa kati ya 100,000 na 350,000 kwa kipimo cha Scoville; Carolina Reaper, chotara iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina, Marekani, ilipimwa wastani wa 1,641,183. Ilishika rekodi ya dunia ya pilipili kali kuliko zote kuanzia 2013 hadi 2023, ikapokonywa na Pepper X ya mkulima huyohuyo.

Mbuzi unaikatia kwenye kachumbari ya nyama choma pale mnadani Msalato, au unaitumbukiza nzima mchuzini itoe harufu bila kupasuka. Reaper usiifanyie hivyo. Vaa glavu, isage na siki, kitunguu saumu na karoti. Kijiko cha chai kinatosha sufuria nzima, na wageni waambiwe kwanza! Ikikuzidi, kunywa maziwa mgando. Maji hayasaidii, maana kapsaisini, kemikali inayowasha kwenye pilipili, huyeyuka kwenye mafuta.

Soko? Mama ntilie wa Majengo atachukua mbuzi. Reaper, labda mtengeneza pilipili za chupa.