Nicodemus, Kansas: nendeni, ila jazeni mafuta kabla

Jamani mliopo Wichita na Kansas City, kama hamjafika Nicodemus, mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, kule Graham County, tafuteni jumamosi moja mwende. Sisi tulitoka Wichita alfajiri, karibu masaa manne barabarani, na pale hamna sheli wala mgahawa kwahiyo jaza tenki Hill City au Stockton na ubebe msosi wako. Kiingilio bure kabisa.

Ni eneo la kihistoria la taifa toka 1996. Wageni wanapokelewa Township Hall, jengo la mawe ya chokaa la 1939, ni ukumbi tu na picha na maelezo, ukikimbia unamaliza haraka lakini msikimbie. Wengi wa hao waanzilishi walikuwa watumwa Kentucky, 1877 wakaona tangazo kwamba kwa dola 5 unaandikishwa uende Kansas, wakapanda treni mpaka Ellis halafu toka hapo ni miguu mpaka Nicodemus. Kuna mama anaitwa Willianna Hickman alifika 1878, wenzake wanashangilia ile pale Nicodemus, yeye anaangaza haoni nyumba, anaona moshi tu unatoka ardhini, kumbe watu wanaishi kwenye mashimo waliyochimba. Akalia. Binti yangu akaniuliza mama moshi ulitokea wapi, ikabidi tutoke nje tusimame kwenye upepo nimwonyeshe, nyasi tupu mpaka macho yanachoka, mti wa kukata nguzo hamna, nikamwelewa kabisa yule mama. Baridi ya kwanza wawindaji wa Kiosage, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, ndio waliwagawia chakula, hilo sikuwahi kulisikia popote.

Kilichonishika zaidi ni 1880 kaunti ilipoundwa rasmi, gavana akamteua Edward McCabe, mtu mweusi aliyehamia Nicodemus, awe karani wa muda wa kaunti, na 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Yani miaka mitano tu toka watu walale ardhini! Halafu 1888 reli ikapita kusini mwa mto Solomon, wenye maduka wakahamia Bogue ilikopita treni, mji ukaanza kupukutika. Hapo roho iliniuma sana.

Nyota tano. Mkiweza nendeni wikiendi ya mwisho ya Julai, vitukuu vya hao waanzilishi wanarudi toka majimbo mengine kusherehekea. Siku nyingine yoyote angalieni kwanza siku wanazofungua ndio mwashe gari.