Kisaa cha jikoni kwenye meza ya kazi: uzoefu wangu

Mchana natafsiri nyaraka nyumbani, jioni nasahihisha insha za wanafunzi. Simu inanivuruga kote kuwili, ndiyo maana nikanunua kile kisaa cha jikoni cha kuzungusha kwa mkono, kisichotaka betri wala chaji.

Mtindo wenyewe wa kugawa kazi kwa duru za kisaa, uitwao Pomodoro, una miaka. Mwitaliano Francesco Cirillo aliuanza akiwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980, akitumia kisaa chenye umbo la nyanya, na jina likatokana na hiyo nyanya, maana pomodoro ni nyanya kwa Kiitaliano. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5. Ukifikisha duru nne unapumzika 15 hadi 30.

Kwa kusahihisha sijaona kinachoushinda. Kengele inalia nikiwa bado nina huruma na mwandiko wa mtoto wa mwisho. Kwenye tafsiri, hapana. Mkataba mrefu unakula dakika nyingi za mwanzo nikirudia istilahi nilizotumia jana, na nikianza tu kushika kasi, kriii! Huko nazungusha 50 na kupumzika 10, kanuni inisamehe.

Kando naweka kipande cha karatasi. Likinijia la kununua luku au kumpigia shangazi, naliandika hapo na kuendelea. Kwangu karatasi hiyo imesaidia karibu sawa na kisaa chenyewe.

Programu za simu nimezijaribu pia. Forest inakuoteshea mti kwenye skrini, na ukikimbilia programu nyingine mti unakufa. Inafurahisha, ila simu bado iko mkononi, na kundi la WhatsApp la ukoo halijui kwamba niko duru ya tatu.

Mapumziko ndiyo watu wanayachezea. Dakika tano za kutazama video fupi hazipumzishi macho wala kichwa. Mimi naanua nguo, nachemsha chai ya rangi, nanyoosha mgongo. Yale marefu nayapanga yaangukie swala ya adhuhuri.

Kasoro zipo. Kinagonga tik-tik muda wote, mtoto akilala nakifunika kwa taulo. Pia hakina usahihi wa kujivunia, dakika moja hivi inaweza kuzidi au kupungua. Kama unakaa ofisi ya pamoja usikinunue, wenzako watakuchukia kabla ya saa nne asubuhi. Tegesha simu kwa mtetemo, zima data, uifungie kwenye droo.